Waya Uliofungwa Juu ya Rangi

Jumanne, Nkubu

Hata uji umenishinda kwa hasira.

Pikipiki ya mteja wetu, Baba Kendi, ilikuwa imekataa kuwaka tangu ilipopakwa rangi. Fundi mkuu wa gereji ninakofanya mafunzo akasema starta imekufa, lazima ifunguliwe. Nilipima betri, nikaikuta nzima.

"Fundi, waya wa betri umefungwa kwa fremu juu ya rangi mpya. Umeme haupiti."

"Madam wa chuo, hii si mtihani," akasema, na gereji yote ikacheka.

Alipoenda kunywa chai nililegeza ile bolti, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaufunga waya tena. Nikabonyeza kitufe cha starta mara moja tu. Ikanguruma!

Fundi akarudi mbio. Baba Kendi akampa mkono. "Asante sana, fundi! Na huyu msichana hufanya nini hapa?"

"Ananisaidia kuosha vipuri."

Fundi ndiye atakayetia sahihi ripoti yangu ya mafunzo, na bila sahihi hiyo sihitimu. Uongo wake naweza kuumeza.

Lakini Baba Kendi! Alikaa kwenye benchi muda wote nikikwangua, akinitazama, hatua mbili kutoka kwangu.