Barua Kwenye Kopo la Wanga

Jumatatu, 3 Machi 1975
Salamu nyingi, daftari. Nimezoea kuandika barua tu, basi naanza hivyohivyo. Baba watoto hajambo, goti tu. Mama mkwe hajambo, anakula vizuri na kulalamika vizuri. Pacha hawajambo, wanang'oka meno. Binti yangu mkubwa, nesi, yuko zahanati ya mbali, naye mzima. Mimi mzima — ila moyo.

Leo imefika barua yake ya chuo kikuu. Amechaguliwa! Manesi wa kwanza kusomea digrii! Nimeisoma kwa kidole, neno kwa neno. Mara kikohozi cha Baba watoto mlangoni — nikaitumbukiza kwenye kopo la wanga. Hilo hagusi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimdokeza Baba watoto kidogo tu. Akacheka: eti kutandika kitanda nako kuna digrii? Nani atamwoa, profesa wa sindano? Hata mchumba aliyemletea atakimbia. Mama mkwe akadakia. Nikaondoa vyombo. Nitangoja siku Baba watoto ana furaha.

Jumatano, 12 Machi
Leo kazini, kwenye dobi ya hospitali, nimefua kofia za manesi, nikazitia wanga. Metroni, mkuu wa manesi, kaja mwenyewe kuchukua yake. Anasema enzi zao ukiolewa unavua kofia, kazi basi. Yeye akachagua kofia. Daktari akiingia, manesi wanasimama ukutani kama mafagio. Sasa wasichana watasoma chuo kimoja na madaktari! Waliochaguliwa walitakiwa kujibu mwisho jana, anasema.

Jana! Nimerudi nyumbani mbio. Tarehe iko nyuma ya karatasi. Sikugeuza.

Alhamisi, 13 Machi
Dereva wa gari la wagonjwa kaleta salamu za binti yangu. Eti hakuona barua, basi chuo hawakumtaka, mama asihuzunike. Yule mchumba aliyeletwa na baba, atamkubali.

Nimemwambia Metroni yote, machozi yananidondokea kwenye beseni. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kapiga simu chuoni: nafasi ipo hadi Jumatatu, aje mwenyewe na barua.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeipangusa barua wanga. Hautoki wote.

Baba watoto kauliza naandika nini. Nikamwambia: namwandikia mwanangu aende chuo. Kahamia kiti cha nje. Bado naandika.

Dereva anapiga honi. Sina karatasi nyingine, nitachana kurasa hizihizi za daftari, ajue yote. Mwanangu, hawakukukataa. Ni mama yako. Usimjibu mchumba kwanza. Barua ya chuo hii hapa ndani. Nichukie ukitaka, lakini njoo uwahi Jumatatu. Nijibu upesi, kwa dereva huyuhuyu, hata neno moja