Mimea ya Foriwaa

Jumanne, 9 Mei
Mke wangu Foriwaa amekufa leo alfajiri, hospitali. Presha. Nimerudi nyumbani saa nne. Maji ya kuoshea mchele yapo kwenye ndoo, aliyaweka jana ya kumwagilia. Nimeyamwaga kwenye nyanya. Sijui kama ni ya nyanya.

Jumatano, 10 Mei
Daftari hili lake. Aliandika siku za kupanda. Kurasa zimebaki nyingi, basi naandika mimi.
Ua wetu vyumba sita, chini kote saruji. Yeye kila pembe kachomeka kitu. Nyanya, pilipili na bilinganya kwenye ndoo za rangi. Kontomire, mboga ya majani ya magimbi, kwenye tairi la lori. Vitunguu kwenye chupa zinazoning'inia ukutani. Maharage yanapanda bomba la bafu. Ndoo nilileta mimi kutoka saiti ya ujenzi. Udongo nilibeba mimi, karai kwa karai, na nilinung'unika kila safari. Leo kumwagilia tu saa nzima. Alikuwa anawezaje na huku anapika?

Ijumaa, 12 Mei
Pilipili zinageuka njano. Mama Dufie wa chumba cha pili kacheka. "Kaka Kwaku, unazimwagilia au unaziogesha?"
Ukoo wa Foriwaa umekuja. Mjomba wake mzee Okyere, mkuu wao, na Pinamang, dada wa Foriwaa. Mazishi hata tarehe hayana, atakaa mochwari mwezi na zaidi. Ila kikao cha kutimiza wiki tangu afe ni Jumanne, hapa hapa uani. Pinamang kapima ua kwa hatua.
"Viti mia, shemeji. Makopo haya yatoke."
Nikauliza yaende wapi.
"Ulikoyatoa."
Mgane akijibu, wanasema ana kiburi.

Jumatatu, 15 Mei
Ndoo ishirini na tatu chumbani. Bilinganya nimeziweka kitandani, upande wake. Tairi limekataa kuinuka. Nimeliacha. Mgongo.

Jumanne, 16 Mei
Upepo. Vijana wa turubai wameingia chumbani bila hodi, wametoa ndoo za nyanya, wamefungia miguu ya turubai. Eti zina uzito mzuri. Nyanya tatu zimevunjika shingo. Watu wanakuja kunipa pole na mimi macho yangu yako kwenye kamba.
Halafu mzee Okyere kasimama na chupa ya pombe ya kuwamwagia wazee waliotangulia. Anatafuta udongo. Saruji huku, saruji kule. "Nyumba gani hii haina ardhi?" Kazunguka na chupa yake, watu mia wanamtazama, mwisho kafika kwenye tairi. Kamwaga humo. Kawaita wazee wao, kamtaja Foriwaa, kamwaga tena. Kontomire imekunywa nusu chupa.

Alhamisi, 18 Mei
Pinamang kaja. Vitu vya dada yake atachukua Jumatatu. Nguo, masufuria, na mimea.
Nguo sawa. Masufuria sawa. Mali ya mwanamke ni ya kwao, hata mama yangu alipokufa ilikwenda hivyo. Lakini nikasema ndoo zangu, na udongo nimebeba mimi.
"Basi baki na ndoo zako na udongo wako, shemeji. Mimi nang'oa."
Mama Dufie alikuwa anafua. Hakuinua hata kichwa. "Na tairi? Mjomba wako kawanywesha wazee wenu mle. Nao utawang'oa?"
Pinamang kampigia mjomba simu. Hata mzee hajui la kufanya. Hajawahi kumwaga kwenye tairi maishani mwake. Kasema mtu yeyote asiguse kitu, mche hata mmoja, atakuja Jumatatu aone kwa macho yake.

Jumapili, 21 Mei
Nimerudisha kila ndoo mahali pake. Pilipili sasa nazipa maji siku moja, siku moja naziacha. Zimeanza kurudi. Bilinganya moja ina ua.
Msimamizi wa saiti kapiga simu. Kesho wanamwaga zege la ghorofa ya pili, nisipotokea anachukua mtu mwingine. Na mzee Okyere na Pinamang wanakuja kesho, saa nne asubuhi. Sitakuwepo. Hawakuniuliza saa.
Nimemwambia Mama Dufie. Mzee akisema zing'olewe, basi wamwagilie kwanza. Wasivute kwa shina, wachimbe pembeni, zitoke na udongo wake. Na wasizipeleke juani.
"Udongo si ulisema wako?"
Nikasema wachukue.
"Kwa hiyo umewaachia?"
Sijaachia. Sijasema nimeachia. Ila Pinamang hajui, atavuta tu, na zikitoka kavu saa nne ya jua zitakufa zote kabla ya jioni. Mama Dufie kanitazama. Kasema atawaambia, ila mzee akiuliza mimi nataka nini, ajibu nini?
Nimemwagilia zote, na pilipili pia, ingawa leo si siku yake.
Kesho narudi kazini.