Kaburi la Utani Bado Liko Wazi

Jumapili, alasiri. Mvua ilipiga asubuhi ikakata, sasa jua linachoma na jasho linanitiririka mpaka kwenye simu. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, na nina hasira ya kufua nazi kwa meno.

Mpwa wangu Rehema hasemi na mimi. Tangu jana kakaa upande ule wa kitanda cha mwanawe, Tatu, mimi upande huu, dripu katikati. Mchana huu ndipo aliponitolea neno, tena bila kunitazama.

"Mjomba, lile shimo umelifukia?"

Sijalifukia.

Nimetoka nje nisije nikamjibu vibaya, ndiyo maana naandika.

Mnaosoma ukurasa huu mnanijua. Mimi ndiye fundi baiskeli wa Ngamiani niliyewahi kujaza tairi makumbi ya nazi, mwenye baiskeli akaenda mpaka Handeni asijue. Mamba wa mto Pangani wakiniona kivukoni huzama kwa heshima. Sasa kuna video inazunguka kwenye masimu ya watu, kipande kidogo tu, mimi nachimba na watu wanacheka, na chini wameandika "mzee kichaa." Kichaa. Basi nitaeleza mwenyewe, maana nilikuwepo na aliyeandika hivyo hakuwepo.

Ng'ambo ya mto, kwenye shamba la minazi lililotelekezwa, kuna kambi ya mtu anayejiita Mteule. Dini yake hata siielewi, kachota kidogo msikitini, kidogo kanisani, kilichobaki kajaza mwenyewe. Wafuasi wake wanavaa shuka nyeupe. Hospitali marufuku, dawa marufuku, na kucheka marufuku, ati kicheko ni cha dunia. Rehema alihamia huko na mtoto wake mwaka huu baada ya kuachwa na mumewe. Nilimfuata nikamsihi, akaniambia mjomba nenda salama.

Huyo Mteule mimi namjua. Jina lake Maganga. Babu yake alikuja kutoka Unyamwezini kukata mkonge, na mimi ni Mzigua, kwa hiyo ni mtani wangu, ruhusa kutaniana hata msibani. Dada yangu, mama yake Rehema, alipofariki, Maganga ndiye aliyekuja msibani akaruka ndani ya kaburi, akajilaza, akasema hatoki, kumepoa, mpaka apewe jogoo. Tulikuwa tumekauka kwa kulia. Tulicheka mpaka tukashikana. Rehema alikuwa binti mdogo, hakuwa amekula tangu mama yake afe, na baada ya kile kicheko aliomba uji.

Mtu huyohuyo leo anawakataza watu kucheka.



Wiki iliyopita mfuasi wake mmoja, mwenye kisukari, alifia kambini hivihivi kwa kukatazwa dawa. Polisi wakaja kumkamata. Akagoma kutoka. Na mnajua alijikinga kwa kitu gani? Si kwa panga wala mkuki. Alijifungia nyumbani kwake humo kambini, akawapanga akina mama na watoto wao chini mbele ya mlango, safu kwa safu, wanaimba. Ukuta wa watoto. Mwanamume mzima, mtoto wa Kinyamwezi, kajificha nyuma ya mtoto wa miaka minne mwenye homa.

Nilipata habari Ijumaa. Jana asubuhi nilivuka na kivuko cha kwanza.

Nikakuta uwanja umejaa kama maulidi. Polisi wamezunguka, mkuu wao ameshika kipaza sauti anamwita Maganga "ndugu kiongozi," tafadhali toka tuzungumze. Wanakijiji wamekuja kutazama, mwingine kabeba na kiti chake. Nikamwona Rehema safu ya mbele. Tatu yuko mapajani, kichwa kimelegea, midomo imekauka kama udongo wa kiangazi. Nikaenda moja kwa moja. Askari kijana akanizuia.

"Shikamoo mzee. Rudi nyuma," huku ananisukuma kifua. Shikamoo na kofi la kifua kwa pamoja. Hayo ndiyo malezi ya siku hizi.

Nikamwambia yule ni mjukuu wangu anakufa pale. Akasema amri ni kusubiri. Nikamwuliza, tunasubiri mtoto afe ndiyo muwe na kesi mbili? Akatazama chini. Kwa kweli hata wao walikwama, hawawezi kupiga mabomu ya machozi penye watoto, hilo nawapa haki yao.

Aliyenipitisha ni mwenyekiti wa kijiji. Alimvuta mkuu wa polisi pembeni, akamweleza kwamba huyu ni mtani wake yule aliyeko ndani. Mkuu hakuelewa, kwao sijui wanazikana vipi, lakini alikuwa amechoka. Akasema, "Mwacheni ajaribu."

Nikachukua jembe kwenye bustani yao, nikasimama katikati ya uwanja, nikaangusha kilio ambacho nadhani Zanzibar walikisikia.

"Yarabi, Maganga kafa! Mtani wangu kafa, na juzi alisema yeye hafi!"

Nyimbo zikayumba.

"Mtoeni nimkoshe! Masufuria yake ni yangu, shuka zake nitafungia baiskeli, na ile fimbo yake ya Uteule mpeni kondoo, ndiye mwenye akili!" Nikaanza kuchimba kaburi papo hapo mbele ya mlango. Mchanga wa pwani ni laini, nami nikishika jembe sinaga mchezo. Lilifika kifuani. Wenye wivu watasema magotini. "Amekufa kwa woga, jamani! Daktari kapima, kasema moyo umehamia kwenye sketi za wanawake!"

Bibi mmoja wa safu ya nyuma akaziba mdomo kwa shuka. Mabega yakamcheza. Akafuata wa pembeni yake. Wale ni watu wa huku, utani wameunyonya ziwani mwa mama, na mtu hawezi kukaa miezi hajacheka halafu akakuta msiba wa namna hiyo akabaki mzima. Kicheko kikapita safu ya kwanza mpaka ya mwisho kama moto kwenye makuti. Rehema peke yake hakucheka. Alinitazama mimi, akatazama lile shimo.

Hapo mlango ukafunguka kidogo, na sauti ikatoka ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba wa dada yangu.

"Mzigua wewe, kaburi gani hilo? Umechimba la mtu au la kunguru? Miguu yangu itabaki nje inasalimia wapita njia."

Nikamjibu, "Njoo ulale tupime, nikikosea nakupa jogoo."

Akatoka. Wallahi alitoka. Akapita katikati ya akina mama mikono mitupu, ana tabasamu la Maganga yule wa zamani, akaja mpaka ukingoni akachungulia. Nafikiri alikuwa amesahau kuwa yeye ni Mteule. Na mimi, kwa nukta moja, nilisahau kuwa nimekuja kumtoa.

Polisi hawakusahau. Walimrukia kwa nyuma wakaanguka naye ndani ya shimo langu, uso wake ukala mchanga.

Alistahili kukamatwa. Naandika na narudia, alistahili, na mwenye kisukari yule ameacha watoto. Lakini mtu akiitikia utani wako, yuko mkononi mwako kama mgeni. Hata kumwacha amalize kucheka?

Walipompandisha akiwa na pingu, alitema mchanga, akaniambia polepole, kama anayenituma dukani: "Shimo hilo usiliache wazi, Mzigua. Kuna watoto hapa."

Kuna watoto. Ananiambia mimi kuna watoto. Tatu amewaka homa mbele ya mlango wake siku zote hizo, yeye anasikia kila kikohozi, leo ndiyo kakumbuka watoto. Nilitaka kumpiga. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba amesema kweli.

Maana kwetu kaburi likichimbwa haliachwi tupu. Likikosa mwenyewe, huzikwa mgomba, udongo ukarudishwa, mambo yakaisha. La sivyo hukaa linangoja mtu. Nilitaka kulifukia palepale, lakini Tatu alikuwa ananilegea begani, nikakimbia naye kwenye gari la polisi mpaka kivukoni, Rehema nyuma yangu analia kwamba nimemuua Mteule kwa kicheko.

Leo asubuhi, kabla ya kurudi wodini, nimepita kituoni kuomba ruhusa nikalifukie.

"Mzee, lile eneo ni la upelelezi. Hakuna kugusa kitu," afande akasema.

"Hata shimo?"

"Hasa shimo. Mtuhumiwa kakamatiwa humo."

Wameliwekea utepe. Nimetembea miji yote hii na sijawahi kusikia shimo lililowekwa rumande.

Daktari anasema malaria imempanda Tatu, dawa imeanza, tuombe Mungu. Siamini kwamba shimo linaweza kula mtoto upande wa pili wa mto. Nasema siamini. Lakini kila dripu inapokwama Rehema ananitazama, naye alimzika mama yake akiwa mdogo, na mchezo huu nilioucheza ulikuwa wa kaburi na yeye amembeba mtoto mgonjwa mapajani.

Nimesharudi ndani nikamjibu. Nimemwambia, mwanangu, sijalifukia, nakwenda. Alinisogezea kikombe cha uji uliobaki wa mtoto.

Basi nimeamua. Nitakata mgomba nyuma ya nyumba yangu, nitaufunga kwenye baiskeli na kwenda nao hadi Pangani, nivuke. Utepe wao nitauruka. Wakinikamata, wanitie chumba kimoja na Maganga, nami nina ya kumwambia ambayo si ya utani.

Wengine huandika kesho ni siku nyingine. Kesho yangu ina jembe, na jina la Tatu halitatajwa juu ya kaburi lile.