Neno la Kaburini kwa Baba

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatukomesha. Mama anaendeleaje?

Nimetuma hela ya jiwe la kaburi la Baba. Fundi aandike jina lake, na chini yake neno moja la Kiingereza, "nice", yaani mtu mwema. Wenzake wote wa posta wamelitaja kwenye rambirambi zao. Wewe mwalimu wa Kiingereza, hakikisha hakosei herufi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anapumua. Barua yako imenitia kinyaa, niliiweka chini nikaenda kunawa mikono.

Umeniita mwalimu, basi sikiliza. Neno hilo lilianzia kwenye Kilatini, maana yake asiyejua. Wafaransa wa kale wakamwita hivyo mjinga. Waingereza nao wakalichezea: mpumbavu, mchaguzi wa vitu, kitu laini, mpaka likaishia kwa kila anayechekea watu. Halina mfupa, linamkaa yeyote. Hata Baba lilimkaa, akiwa kaunta ya posta. Nyumbani alivua tabasamu pamoja na viatu, kisha akampiga Mama. Mimi fundi simwambii kitu.

Dada yako

24 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Baba alikuwa mkali, sikatai, lakini tusimseme marehemu. Mama mwenyewe hajawahi kunilalamikia. Kila nilipopiga simu alisema wako salama. Muulize yeye, na atakalosema ndilo liandikwe.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini watoto hawajambo. Nilimuuliza Mama akiwa anakunja nguo. Akataka kujua maana ya neno lenyewe, nikampa ya kale na ya sasa. Akasema, "Hiyo ya sasa alikuwa nayo. Watu walimpenda." Halafu akauliza hela ya jiwe iko wapi. Nikampa. Asubuhi akavaa vizuri akaenda zake mjini, hata kuniaga hakuniaga.

Jiwe halipo. Amewekewa meno, yale manne ya mbele ambayo wewe uliambiwa yaling'oka alipoanguka bafuni. Jana alicheka bila kuziba mdomo, nikashindwa kumtazama.

Anakusalimu sana. Anasema kama bado unataka jiwe, utume hela nyingine.

Dada yako