Mota ya Kwanza au ya Pili

Garissa, Jumatano, Januari 1996

Joto la leo limepita kiasi. Jilaal, kiangazi chetu kirefu, kimefika katikati, mbuzi wanakula makaratasi, na mimi tangu asubuhi nina hasira nisiyojua nimwelekezee nani.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida, maana nyumba hii hakuna mwingine anayekisoma. Mume wangu angeweza, lakini yuko Liboi na lori la mizigo. Mama yake, ninayemwita Eddo, hajawahi kushika kalamu. Basi hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kusema bila kuangalia mlango.

Kesho asubuhi lazima nimpe Ingrid jibu. Mota ya kwanza au ya pili.

Ingrid ni mhandisi wa visima, mwanamke wa Ulaya, na mkataba wake umekwisha; kesho anapanda ndege kurudi kwao. Mwaka jana alinipa baiskeli yake ya milimani, ile yenye matairi manene, ili mimi, mkunga wa mtaa, nifike haraka kwa wenye uchungu. Nilimshukuru sana. Tangu siku hiyo sijaipanda hata mara moja. Naisukuma. Nafunga madumu ya maji huku na huku, naisukuma kutoka mtoni mpaka nyumbani. Hapa mwanamke mzima hapandi baiskeli. Goti juu, goti chini, dera likipepea, mbele ya wazee wanaokunywa chai? Hilo sikuweza kumwambia. Nilimwambia ni nzito.

Uongo huo mdogo umezaa mambo. Juzi alikuja na katalogi ya picha. Kwao kuna vifaa vya kufunga mota ya umeme kwenye baiskeli ya kawaida, na akifika atanitumia. Kimoja tu, nichague, niandike namba yake kwenye karatasi aliyoniachia.

Mota ya kwanza inakaa juu ya tairi la nyuma na kulizungusha kwa kijigurudumu cha mpira. Unabonyeza kitufe kwenye usukani, unakaa umetulia kama bibi arusi, miguu haina kazi. Nilipoiona nilifurahi mno. Lakini Ingrid, ambaye hajui kudanganya, alisema tairi likijaa mchanga kile kijigurudumu kitateleza tu. Ya pili imo ndani ya gurudumu lenyewe. Ina nguvu za kupita mchangani, ila haiamki mpaka ukanyage pedali, na ukiacha kukanyaga inalala.

Kwa hiyo ile ya heshima haipiti mchanga, na ile inayopita mchanga haina heshima. Na Garissa, ukishaacha lami, kuna nini kama si mchanga?

Betri wala hainisumbui. Fundi wa redio sokoni anachaji za magari, atachaji na yangu.

Mchana huu, Eddo alipojinyoosha baada ya adhuhuri, nikasema nijaribu kukanyaga pedali humu uani, nione ni aibu kiasi gani. Nikavaa suruali ya mume wangu chini ya dera. Mwaka mzima nina baiskeli hii na sikuwahi kukifikiria kile chuma cha juu kinachotoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Kwangu kilikuwa mahali pa kufungia madumu. Nilirusha mguu, dera likanasa, likapasuka hadi pajani, nikaanguka na baiskeli juu yangu. Kuinua macho, Eddo amesimama mlangoni na tasbihi yake.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniinua, akanipangusa mchanga, kisha akaniuliza taratibu, "Sahra, ukipita hivyo mtaani, nani atakuita tena umzalishe?"

Anasema kweli. Mkunga hapa si mikono tu, ni jina. Jina likiharibika, hata nikifika mapema nitakuta mlango umefungwa. Nikienda kwa miguu mlango uko wazi, na mimi nimechelewa. Nimebanwa huku na huku, na sioni pa kupenya.

Nikarudi ndani, nikaandika 1 kwenye karatasi ya Ingrid, nikaikunja.

Halafu Habiba akaniingia kichwani, na mpaka sasa hajatoka. Anakaa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu nyuma ya mtaa wetu. Mwezi uliopita alimtuma dada yake kuniita. Ilikuwa asubuhi, mikokoteni yote ya punda imekwenda kuchota maji. Nilitembea, nikakimbia, mchanga ukinivua viatu kila hatua. Nilipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Jambo hilo naliweza, nimeliweza mara nyingi. Nilipungukiwa na dakika tu.

Habiba hakunilaumu. Alisema, "Tulikuwa tunasikiliza kama ni hatua zako."

Siku hiyo baiskeli ilikuwa hapa nyumbani, imeegemea ukuta na madumu yake mawili.

Hilo sijamwambia mtu yeyote.

Nimeikunjua karatasi. Nimefuta 1, nimeandika 2. Naogopa. Nawaogopa wazee wa chai, namwogopa mume wangu akirudi, na zaidi ya wote namwogopa Eddo, ambaye sasa hivi anashona dera langu hapo barazani. Huenda kweli wataacha kuniita, nibaki na mota yenye nguvu na pa kwenda sina.

Lakini Eddo aliuliza nani ataniita. Habiba aliniita.

Kesho, kabla ndege haijaondoka, nitampelekea Ingrid karatasi yake na kumwambia ukweli, kwamba baiskeli yake sijawahi kuipanda. Kisha nitarudi hapa uani, mchana kweupe, Eddo akiwa macho, nijifunze kukivuka kile chuma.