Mtutu Uliolia Kama Mtungi Wenye Ufa

Mjukuu wangu Haji,

Salamu kutoka Mtoni. Bibi yako hajambo, mguu umepoa. Unauliza utajuaje kama bunduki ya bei rahisi ni nzima, uwapige nguruwe wanaokumalizia muhogo huko Morogoro.

Baada ya Mapinduzi nilikuwa karani kijana wa Serikali hapa Unguja, napokea mizigo kwa sahihi. Zikaletwa bunduki za marisau kutoka ng'ambo, za wasasi, wawindaji wa Uroa. Niligonga mtutu kwa ufunguo. Mtutu mzima hulia kama kengele; huu ukalia kama mtungi wenye ufa, wa kupasuka usoni mwa mpigaji.

"Tia sahihi, karani! Unaidharau Serikali?" mkubwa wangu akafoka.

Nikaweka kalamu chini. "Hasha, mkubwa. Ila desturi ya wasasi, mgeni wa heshima hupiga risasi ya kwanza. Wanakungoja wewe."

Akautazama ule mtutu. Akairudisha bunduki sandukuni mwenyewe.

Basi gonga, babu, kisha mpe muuzaji apige ya kwanza.

Babu yako