Mjomba Anasambaza Filamu ya Wenyewe kwa Laini Yangu, Nami Nimesema Simjui

Shangazi, pokea salamu kutoka Waithaka. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, leo naituma kabla sijajuta tena.

Nina miaka thelathini na minne na nina kampuni ndogo ya intaneti, yenye leseni, tunavuta laini kwenye ploti za huku na nyumba kama mia tatu zinanitegemea, kuna wanaosomea hapo, kuna mama anayeongea na bintiye aliye Qatar kila Jumapili, na mitambo yangu yote imesimama juu ya paa la Anko Muigai, mdogo wake mama, aliyenipa paa hilo bure nilipoachishwa kazi mjini na hakuna mwingine aliyetaka hata kunisikiliza.

Sasa Anko ana chumba chini ya ghorofa hiyo, ameweka kompyuta iliyojaa filamu, watu wanamlipa wanatazama kwa simu kupitia laini yangu, nami nilikuwa najua nusunusu nikijifanya sioni. Mwezi wa tatu nikapata barua ya wakili wa mjini kwamba filamu ya mteja wake, anayeitwa Avni, inasambazwa kutoka kwa mtandao wetu kabla hata haijaonyeshwa popote, na akataka tuifunge. Fundi wangu Mbithi akakagua rekodi, akaja akasimama mlangoni. "Madam, ni laini ya anko wako." Nikamwambia tutajibu kwamba sisi tunauza intaneti tu, yanayopita ndani hayatuhusu, na mteja hatumjui. Akasema, "Andika wewe. Mimi siweki sahihi hapo." Nikaandika.

Kisha Avni akaja ofisini mwenyewe, Shangazi, na hapo ndipo niliharibu kabisa. Ni dada mpole, kwao wana duka la vitambaa Ngara, na filamu yake ni ya mafundi cherehani wazee waliofanya kazi na babu yake, imemchukua miaka minne, na wawili kati ya wazee hao wamefariki kabla ya kujiona. Akaniambia, "Sitaki kukufungia biashara. Nataka tu mtu aitoe. Unamjua ni nani?" Nikamwangalia machoni nikasema simjui. Akanishukuru, akaenda.

Wiki jana barua ya pili imekuja na safari hii inayoshtakiwa ni kampuni yangu. Nilipomfuata Anko aliniambia bila kupandisha sauti, "Ukinikatia laini, toa vyuma vyako kwa paa langu." Mama naye anasema nisivunje undugu kwa ajili ya Mhindi ambaye hata hanijui. Mbithi siku hizi hali nasi chakula cha mchana. Naomba uniambie ukweli, je, nina kosa gani kama si mimi niliyeiba?

Njambi, Waithaka

*

Njambi, nilikupigia simu siku ile ile niliposoma barua yako, kwa kuwa mahakama haingoji gazeti. Niliyokuambia nayachapisha kwa ruhusa yako, maana najua hauko peke yako.

Sheria yetu ya hakimiliki haikutaki uchungulie kila kinachopita kwenye laini zako, na anayepitisha tu bila kujua ana kinga. Lakini kinga hiyo ina masharti. Ukishapata notisi iliyoandikwa sawasawa, unapewa saa arobaini na nane za kazi uchukue hatua. Wewe uliletewa notisi, fundi akakuonyesha laini, ukaikalia, kisha ukaandika uongo na kuutia sahihi. Anko ndiye aliyeiba. Wewe ulijua ukamficha. Kila mmoja atajibu la kwake.

Nakuhurumia, kwa kweli. Aliyekushika mkono siku mbaya hasahauliki. Lakini Anko alikupa paa, hakununua ulimi wako. Na mama umjibu kwa heshima kwamba Avni kazaliwa Nairobi hii hii, na hata angeshuka ndege jana, jasho lake ni lake.

Nilikwambia utafute wakili wako siku hiyo hiyo na usifute rekodi hata moja, kwa sababu kufuta kungekuwa kosa la pili. Usahihishe barua yako ya uongo kwa maandishi. Umkatie Anko laini, ila umwambie kwanza uso kwa uso, asikie kutoka kwako. Na jina lake usilitangaze mtaani wala usimpe mtu kwa simu. Mahakama ikiagiza, utalitoa.

Jumatano ulinipigia ukisema umefanya. Anko alikusikiliza mpaka mwisho, akaenda kuleta ngazi, na kufikia saa sita mitambo yako ilikuwa chini kwenye nyasi. Nyumba mia tatu zikakaa siku mbili bila intaneti, wengine wakakuhama. Mbithi alipanda nawe juu ya paa la jirani mmoja, Mzee Oyoo, mkafunga waya upya. Filamu imeondolewa. Kesi haijaondolewa, na huenda ukalipa. Ulipe. Hiyo ndiyo bei ya ile miezi ya kunyamaza.

Kuna jambo hukulitaja, nami sikukuuliza. Kwa Avni umeenda? Barua za mawakili zitasahihisha rekodi, hazitamwambia yule dada kitu alichokuja kukuuliza. Mwombe wakili wako apange mkutane kwa njia inayofaa, uende mwenyewe. Usianze na shida za paa wala za familia. Mwambie kwamba siku ile ulijua. Huenda akanyamaza, huenda akakasirika, na hutakuwa na haki ya kumharakisha. Kaa hapo umsikilize mpaka amalize.